Siku Mbili kwa Moja

Ratiba ilikuja Jumamosi jua likianza kulegea, kama ilivyokuja kila Jumamosi, na simu mbili zikalia kwa pamoja ndani ya chumba kimoja. Moja ilikuwa dirishani, mahali pekee palipokamata mtandao vizuri. Hiyo ilikuwa ya baba. Ya pili ilikuwa mfukoni mwa binti yake mkubwa, ambaye nyumba nzima, wazazi wakiwemo, ilimwita Dada. Wote wawili walifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Baba alikuwa mpiga pasi. Dada alikuwa kwenye mashine ya kunyoosha na kukunja mashuka, na ni baba mwenyewe aliyemwombea kazi hiyo, akinyenyekea kama mtu aliyekwenda kuposa.

Hawakuwa waajiriwa wa kudumu. Walilipwa kwa saa walizofanya, na saa hizo ziligawiwa na msimamizi, mwanamke kijana ambaye wafanyakazi walimwita Ratiba, kwanza kwa kejeli, kisha kwa mazoea, mpaka mwenyewe akawa anaitika.

Baba alisoma simu akiwa amesimama. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena. Jumanne, asubuhi mpaka mchana. Basi.

"Vipi?" mama aliuliza bila kuinua uso. Mama alikuwa msusi. Chumba hicho cha mbele kilikuwa sebule, kilikuwa chumba cha kulia, kilikuwa saluni pia, na wakati huo kichwa cha mteja kilikuwa katikati ya magoti yake.

"Wamenipumzisha kidogo wiki hii."

"Wiki iliyopita walikupumzisha. Na ile ya kabla yake. Mume wangu, angalia usije ukaugua kwa kupumzika."

Mteja alicheka, kisha akakumbuka yuko nyumbani kwa nani, akajifanya anakohoa.

"Na wewe, Dada?"

Dada alikuwa ameshaiona ya kwake. Aliirudisha simu mfukoni haraka, kama aliyekutwa na kitu cha watu. "Kama kawaida, mama."

"Kawaida ni ngapi?"

"Siku sita."

Baba alitoka nje kwenda kuangalia bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

* * *

Shida ya mtu aliyezoea kazi ya kusimama ni kwamba hajui kukaa. Baba alikaza misumari ya viti vyote, akatia mafuta bawaba za mlango ambao haukuwa ukilia, akahamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, na jioni mama akamwamuru alirudishe lilikokuwa. Chai aliinywa wima. Akijilazimisha kuketi, goti lake moja lilikuwa likirukaruka lenyewe, na benchi likatikisika, na mteja aliyekaa upande wa pili akaomba kwa upole asogezwe, maana nywele zilikuwa zinakwenda upande.

Kilichomchoma zaidi ni salamu. Wateja wa mama waliingia mmoja baada ya mwingine, wanawake wenye adabu zao, kila mmoja na lake lile lile: "Shikamoo mzee. Leo hukwenda kazini?"

"Marahaba. Leo zamu yangu ni ya jioni," alijibu. Jioni ikifika aliuliza mwingine, naye akasema zamu yake ilikuwa ya asubuhi. Mama aliyasikia yote mawili. Akaendelea kusuka.

Siku moja baba aliamka mapema, akavaa sare, akasema, "Nimeitwa."

Hakuwa ameitwa. Alikwenda akakaa ukingoni mwa barabara, ng'ambo ya lango la nyuma la hoteli, pale yanapoingilia magari ya mboga na kutokea magari ya taka. Hesabu yake ilikuwa rahisi: watu huumwa, watu huchelewa, watoto wa watu hushikwa na homa. Akiwa karibu, mlinzi atampungia mkono, naye ataingia kuziba pengo. Na ikawa hivyo kweli, mara mbili. Mara nyingine zote alikaa mpaka kivuli cha ukuta kikamhama, akarudi nyumbani kwa saa ambazo mtu wa zamu angerudi.

Wenzake walimzoea pale. Walimwita Mzee Pasi tangu zamani, na hawakumchukia, lakini mdomo wa mfanyakazi haukosi utani. Mwanamke mmoja wa jikoni alipita akijishika kiuno, akamwona anamtazama, akasema, "Mzee Pasi, usinitazame hivyo. Sifi leo!"

Wakacheka, naye akacheka nao. Walipokwisha kuingia ndani, akagundua kwamba ni kweli: alikuwa akiwatazama usoni mmoja mmoja, akitafuta homa.

Siku hiyo hiyo, wakati wa mapumziko, Dada alitoka nje ya lango kununua maji. Asubuhi baba yake alikuwa ameondoka kabla yake, na alipofika kazini alimtafuta mezani kwake akamkuta mtu mwingine ameshika pasi. Alidhani labda wamempeleka ghorofani. Sasa alimwona ng'ambo, amekaa chini, sare imenyooka, viatu vimejaa vumbi la magari.

"Nimetoka kupunga upepo," baba alisema alipomfikia.

"Baba, meza yako ina mtu."

Baba alitazama viatu vyake. Gari la mboga lilipiga honi, wakasogea wote wawili.

"Usimwambie mama yako," alisema.

* * *

Ofisi ya Ratiba ilikuwa stoo ya sabuni kabla haijawa ofisi, na harufu haikuwa imekubali kuhama. Dada alisimama mlangoni.

"Bosi, nina neno dogo."

"Maneno madogo ndiyo yanayonimaliza. Sema."

"Ni habari ya baba."

Ratiba aliweka kalamu chini. "Unadhani simwoni pale nje? Namwona. Hata nikifumba macho namwona. Lakini wageni wa siku hizi hawaji na mashati, wanakuja na fulana. Apige pasi nini? Mashuka yanapita kwenye mashine yako. Na masaa ninayopewa huko juu yana kipimo chake. Nikimwongezea huyu, nimemnyang'anya yule. Sasa nimnyang'anye nani? Nitajie wewe."

"Mimi."

Ratiba alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuombwa mara nyingi mno.

"Siku ngapi?"

"Mbili. Nitoe mbili, umpe yeye mbili."

"Haiwi hivyo. Baba yako hajui mashine. Nikikutoa siku mbili, moja nitabana tu, lakini ya pili lazima nilete mtu wa mashine, la sivyo mashuka yatafika darini. Kwa hiyo wewe unatoa mbili, yeye anapata moja."

"Moja tu?"

"Hesabu ya hapa haina baba wala mwana."

Dada alifikiria chuo cha wauguzi, ambako alikuwa ameshakubaliwa, na kilichongojwa ni ada tu. Kisha akafikiria vile viatu.

"Sawa. Ila asijue."

"Mimi nimwambie ili iweje?" Ratiba alisema, akachukua kalamu yake.

* * *

Jumamosi simu zilipolia, baba aliifikia ya kwake kabla haijamaliza mlio.

"Mbili!" akasema. "Mama Dada, mbili! Si nilikwambia? Mtu wa pasi haokotwi barabarani. Wamezunguka weee, wamerudi kwangu."

Alioga akiimba. Sauti yake haikuwa nzuri, na mtoto wa mwisho, msichana wa shule ya msingi ambaye hakukumbuka lini aliisikia mara ya mwisho, alikaa kwenye mlango wa bafu kumsikiliza, akimwitikia kila alipokosea. Kisha baba akapiga pasi sare yake, ingawa alikuwa amekwisha kuipiga, akaitundika ukutani, kola imesimama kama mlinzi.

Mama alikuwa na furaha yake, mpaka alipomfuata Dada jikoni.

"Wewe umepewa ngapi?"

"Nne."

Mama alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria. "Sita imekuwa nne. Yake ilikuwa moja, imekuwa mbili. Ile nyingine imekwenda wapi?"

Dada akawa anachochea kitu kisichohitaji kuchochewa.

"Mwanangu, umefanya nini?"

Akamwambia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kifuniko polepole kisitoe sauti.

"Umetoa mbili ukapewa moja. Hata mlevi hanunui hivyo."

"Sikuwa nanunua, mama."

"Ulikuwa unafanya nini basi?"

"Nilimkuta amekaa chini, barabarani. Watu wanapita wanamtania, na yeye anacheka nao. Anaondoka hapa kila asubuhi, mama. Haendi popote."

Mama aligeuka akatazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule mtu alikuwa bado anaimba.

"Na chuo?"

"Mwakani pia wanachukua."

"Wanachukua kila mwaka. Wao hawazeeki. Wewe ndiye unayezeeka." Akajipangusa mikono kwenye kanga, ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Haya. Mimi sijasikia kitu. Aimbe."

* * *

Siku ile mpya ya baba iliangukia Alhamisi. Alifika mapema, akaijaribu pasi kwa kidole chenye mate, akaanza. Kwenye mashine ya Dada alikuwepo mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mahali pa kumzimia.

Mchana, mashine zilipopumzishwa na chumba kikatulia, Redio alinyoosha mgongo akasema kwa sauti ya watu wote, "Mzee Pasi, leo mimi na wewe tunakula jasho la mtu mmoja. Umshukuru binti yako! Amejinyima siku mbili, moja yako, moja yangu. Mimi wangu hata soda hajawahi kuninunulia."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani anamsifu. Wenzake waliguna kwa kupendezwa, mmoja akasema, "Mtoto ni huyo," na mwingine akapiga makofi mara mbili. Baba alikuwa ameshika pasi juu ya shati la mgeni. Aliinyanyua kabla haijaunguza, akaisimamisha.

"Ni kweli," alisema. "Ni mtoto mzuri."

Alimaliza kazi yake yote. Kola, mabega, mikono, kishikizo kwa kishikizo. Kabla ya kutoka alipitia stoo ya sabuni, akamwomba Ratiba amrudishie binti yake siku yake.

"Nimeshapanga mwezi mzima, mzee. Masaa si nguo, kwamba ukiona haikukai vizuri unairudisha dukani."

Hakupanda basi. Alitembea mpaka nyumbani, haraka, akiwapita watu kama anayewahi kitu, na alipofika jasho lilikuwa limeiangusha kola.

Dada alikuwa uani anaanua nguo. Alimwona usoni, akajua.

"Nani alikutuma?"

"Baba, ingia kwanza ndani..."

"Nimekuuliza, nani alikutuma ukaniombee?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mimi ndiye niliyekuombea wewe! Mimi! Nilisimama mbele ya yule mtoto mdogo nikamwita bosi, nikainamisha kichwa, ili wewe upate ada, uende zako, usije ukashinda kwenye mvuke kama mimi. Leo unakwenda kunirudishia? Nimekuwa mkopo?"

Dada aliitupa ile nguo kwenye beseni. Hakuwa na desturi ya kumjibu baba yake, na alipoanza hakujua pa kuishia. "Nilichoka kukuona pale nje! Niko ndani nakunja mashuka, kila nikisikia watu wanacheka langoni najua wanamcheka nani. Ulitaka nifanye nini, baba? Nikuletee mwavuli?"

Mtoto wa mwisho alianza kulia. Mama akatokea mlangoni na kitana mkononi, nyuma yake mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Punguzeni sauti. Kuta hizi ni karatasi."

Baba alimgeukia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unaimba," mama alisema. "Ningekukatiza vipi?"

Baba alizunguka ua mara moja, akazunguka tena, kama anatafuta mahali pa kutokea na mlango anauona. Hatimaye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi goti lake lilitulia.

* * *

Asubuhi hakuvaa sare. Alitoa pasi ya nyumbani chini ya kitanda, akaifuta, akaja nayo sebuleni.

"Naomba nafasi," alimwambia mama.

"Ya nini?"

"Ya meza. Pale dirishani."

"Pale ndipo ninapokalisha vichwa."

"Vichwa visogee kidogo."

Mama alimtazama, akaitazama pasi. "Nguo ziko wapi?"

"Nakwenda kuziomba."

Kukaa langoni kulikuwa rahisi kuliko hivi, maana langoni hakulazimika kusema kitu. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mmoja wa wale wateja waliokuwa wakimuuliza kila mara.

"Shikamoo mzee. Leo hukwenda..."

"Marahaba. Sikwenda. Sina kazi ya kwenda kila siku, mwanangu, nina siku mbili tu kwa wiki. Lakini pasi ninayo. Kama una nguo, nipe."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Mwanamke aliduwaa kidogo, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Wa pili alisema atafikiria. Wa tatu alitaka apigiwe moja ya bure kwanza aone. Wa nne hakufungua, ingawa redio yake ilisikika ikipunguzwa. Mwalimu mmoja jirani, asiye na mke wala subira, alimpa mashati ya wiki nzima na suti moja. "Suti nina safari nayo Jumatano mchana, mzee. Ukinichelewesha nimeumbuka."

Wiki ya kwanza kilichopatikana hakikufikia hata siku moja ya hoteli, na umeme ulikula kilichobaki. Mama alilalamikia mvuke unaolegeza nywele za watu. Mteja mmoja alichomwa kiwiko. Baba na Dada walipishana mlangoni wakisalimiana kama wapangaji.

Siku ile ya suti ya mwalimu ilikuwa siku ya Dada ya kukaa nyumbani. Alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Baba alikuwa katikati ya mguu wa suruali simu yake ilipolia, na sauti ya Ratiba ikasikika na kila mtu mle ndani.

"Mzee Pasi, njoo sasa hivi. Mtu wa mchana hajaja."

Mkono wa baba ulikwisha kuanza kuzima pasi. Ulifanya hivyo wenyewe, bila kumuuliza. "Mpaka saa ngapi?"

"Masaa mawili. Labda mawili na nusu."

Baba aliitazama suruali. Mguu mmoja ulikuwa umekamilika, mwingine ulikuwa bado na makunyanzi ya kabatini. Masaa mawili yangemlipa nauli na chai. Lakini aliyepiga simu ni hoteli, na kwa miaka yake yote hajawahi kuiambia hoteli neno ambalo lilikuwa limemfika kooni.

"Leo siwezi, bosi."

"Huwezi? Wewe?"

"Nina kazi ya mtu."

"Sawa. Lakini ukikataa leo, Jumamosi usinilaumu."

"Sitakulaumu."

Na kweli, Jumamosi ile siku zake mbili zilikuwa zimerudi kuwa moja, na Jumamosi iliyofuata hakuwa na hata hiyo. Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Kwa wakati ule alisimama tu, simu mkononi.

"Umekataa kazi," mama alisema, kama anayeuliza. "Mwaka huu, na kodi hii, umekataa kazi."

Kabla hajajibiwa, simu ya Dada ikalia. Dada alisikiliza, akasema "Ndiyo, bosi," akasema "Mpaka jioni?" kisha akafunika simu kwa kiganja, akamtazama baba yake. Lilikuwa jambo la kwanza kumwambia kwa siku kadhaa.

"Wananiita mimi. Kwenye mashine, mpaka jioni. Na zile saa zako mbili watanifundisha pasi, nizifanye mimi."

Baba aliinama, akaiwasha pasi upya.

"Waambie unakuja," alisema. "Hizo sasa nimekupa mimi."

Dada aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na sare yake imekunjamana, maana alikuwa ameifua jana na hakuwa na mpango nayo. Akaanza kuivaa juu ya nguo zake hivyo hivyo.

"Lete hapa," baba alisema.

"Baba, nachelewa. Wamesema sasa hivi."

"Lete."

Akaisogeza suruali ya mwalimu pembeni, akaitandaza sare. Alianza na kola, akaja mabegani, akaingia kwenye mikono, taratibu, akirudia pale pasipohitaji kurudiwa. Dada alisimama akirukia mguu huu na mguu ule.

"Huyo naye ni mteja au ni mtoto?" mama aliuliza.

"Mteja. Atalipa mwisho wa mwezi."

"Basi kama wote," mama alisema, na Dada akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa.

Baba aliishika sare mabegani, akamshikia kama wanavyoshikiwa watu wakubwa makoti, naye akaingiza mikono. Akatoka mbio. Alikuwa amefika mwisho wa barabara, anatafuta basi kwa macho, na kitambaa kilikuwa bado na moto mgongoni.